Kahawa Niliyoikata Bila Kumngoja Shemeji

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu na wajukuu wa wenzangu, kaeni vizuri. Siwaandikii kitu cha kuchekea. Nawaandikia habari za miti ya kahawa, ile mnayoipita kila asubuhi mkikimbilia pikipiki barabarani, mkivunja matawi kwa mabega bila hata kugeuka. Miti ile ndiyo iliyoniweka hapa. Kama ningechelewa kuikata wiki chache tu mwaka ule, mama zenu wangekulia kwa watu, na nyinyi msingekuwa na kibanja cha kukanyaga ovyo.

Shule sikwenda sana. Nilisoma kwa masista mpaka nikajua katekismo na kuandika jina langu, kisha nikaitwa nyumbani kulea wadogo zangu. Kiswahili cha kuandika nilikipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ile ya ujamaa, tulipokaa wanawake wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Kwa hiyo mkiona nimekosea herufi, rekebisheni kimya kimya. Lakini juu ya kahawa msinirekebishe.

Niliolewa Kishanda muda mfupi baada ya Uhuru. Kibanja cha mume wangu, yaani shamba lililozunguka nyumba yake, kilikuwa katikati ya vibanja vya kaka zake wawili, migomba na kahawa vimechanganyika kama ilivyo kwetu, na miti mingi aliipanda baba mkwe kwa mikono yake. Mume wangu kabla ya kunioa alikuwa kibarua Maruku, kwenye mashamba ya majaribio ya kahawa na migomba. Alirudi na msumeno mdogo wa mkono uliopinda kidogo, ameufunga kitambaa chenye mafuta kama mtu anavyofunga rozari. Na alirudi na ujuzi. Alisema mti wa kahawa usiachiwe zaidi ya mashina matatu. Lililozeeka kuliko yote linaondolewa, chipukizi moja zuri linaachwa lishike nafasi yake. Mti hivyo hauzeeki.

Lakini jambo alilolisisitiza zaidi ni wakati. Hapo ndipo watu wengi wa kwetu walikosea, na walikosea kwa heshima, si kwa uvivu. Nitaeleza.

Kahawa yetu tunaichuma kyanda, yaani kiangazi, kuanzia mvua kubwa zinapoisha. Tunachuma, tunaanika, mpaka punje ya mwisho. Hapo mti umechoka. Vitumba vya maua vimeshatokea kwenye vifundo vya matawi, vidogo, vimefumba, vinangoja mvua ya kwanza. Mvua ikipiga tu, baada ya siku chache kibanja chote kinakuwa cheupe na kunukia. Basi kuna nafasi katikati: punje ya mwisho imetoka na mvua haijaingia. Hapo ndipo pa kukata. Kidonda kinakauka kwa jua, mti unaona mapema matawi utakayoyalisha, na mvua ikija inakuta kazi imekwisha. Ukikata mvua imeanza, unaangusha maua yako mwenyewe chini, na shina linaoza pale ulipolikata.

Sasa kosa letu. Katika ukoo wa mume wangu hakuna mtu aliyekata kahawa kabla ya mkubwa wa ukoo kukata. Mkubwa anaanza kwake, kisha anakuja kwa mdogo wake, anagusa mti mmoja kwa chuma, mdogo anaendelea. Ni heshima, na watu walipatana kwa sababu yake. Ila mkubwa akichelewa, ukoo mzima unachelewa. Na mkubwa wetu, kaka wa kwanza wa mume wangu, alikuwa balozi wa nyumba kumi, na miaka ile balozi hakukaa nyumbani. Leo mkutano wa kijiji, kesho ameitwa Muleba, kesho kutwa wageni kutoka Bukoba wanakagua shamba la pamoja. Mume wangu alipokuwa mzima alikwenda kumsumbua kaka yake mpaka anaacha mkutano na kuja kugusa mti. Wakicheka, wakinywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, basi.

Kisha mume wangu akaugua kifua. Mwaka wa mwisho hakuweza kuinua mkono juu ya bega. Alikaa kwenye kigoda kati ya migomba, mahali ambapo mtu wa njiani haoni, akanionyesha kwa fimbo: hilo, si hilo, kata mshazari maji yateremke, usiache kisiki kirefu kama kidole cha mwizi. Mimi nikakata. Mwanamke kwetu alipalilia chini ya kahawa, akachuma, akaanika, akabeba, lakini hakupeleka chuma kwenye shina. Kazi ile ilikuwa ya wanaume. Wote walidhani ni mgonjwa yule anayekata. Na mimi sikusema.

Alifariki mvua kubwa zikiwa zinamalizika. Aliniacha na mabinti watatu, mkubwa ana miaka kumi. Mtoto wa kiume hatukupata.

Baada ya siku za msiba ukoo ulikaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni ndani ya nyumba yangu. Niliwapa kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, nikapiga magoti pembeni na watoto wangu. Shemeji mkubwa akasema maneno aliyokuwa ameyaandaa.

"Shemeji, hatukufukuzi. Watu wasiseme tumefukuza mjane. Utachuma ya mwaka huu, hii ni jasho la marehemu. Ya mwaka ujao tutaitazama. Kahawa ikisimama, utakaa na watoto. Ikilala, kibanja kinarudi kwa wenyewe, na wewe utarudi kwa baba yako salama, tutakusindikiza."

"Na watoto?" niliuliza.

"Watoto ni wa ukoo. Wataingia kwenye nyumba zetu."

Shemeji mdogo akaongeza huku akitafuna, "Shemeji, kahawa si maharage. Maharage unaweza."

Wakacheka kidogo, kicheko cha matanga. Mimi sikucheka. Nilihesabu vichwa vya wanangu kwa mkono, mmoja, wawili, watatu, nikasema, "Nimesikia."

Tukachuma. Mabinti wangu wale, mkubwa kwenye matawi ya juu akiyavuta kwa upembo, wadogo wakiokota chini, tulichuma mpaka vidole vikawa vyeusi. Tulipomaliza punje ya mwisho nilikwenda kwa shemeji mkubwa, nikapiga magoti uani kwake, nikasalimia.

"Kahawa imekwisha mtini. Njoo uguse, au mtume mtu anikatie."

"Waitu, shemeji! Jua lote hili? Subiri. Keshokutwa nina mkutano Muleba."

Nikasubiri. Nikarudi wiki iliyofuata. Alikuwa anavaa viatu.

"Wewe unanikimbiza kama mume wako marehemu. Kahawa inakimbia? Ina miguu?"

"Mvua ina miguu," nikasema.

Mke wake aliyekuwa anamenya ndizi akakohoa ili asicheke. Shemeji akanitazama, akachukua baiskeli, akaondoka.

Mara ya tatu sikumkuta. Amekwenda Bukoba siku kumi. Nilirudi kwa njia ya juu, ile inayopita rweya, ule uwanda wa malisho, nyasi zimekauka zinavunjika mguuni, nikasimama nikatazama upande wa ziwa. Mawingu yalikuwa yameanza kusimama kule, si ya mvua bado, lakini yamesimama. Nikajua nina wiki mbili, labda tatu. Nikikata bila ruhusa, watanifukuza kwa kuvunja mila. Nisipokata, kahawa italala, watanifukuza kwa kahawa. Kwa vyovyote nilikuwa mtu wa kufukuzwa. Basi nikaona heri nifukuzwe kazi ikiwa imefanyika.

Asubuhi nilifungua kile kitambaa chenye mafuta.

Sikupanda juu ya mti hata mmoja, liandikeni hilo, kwa sababu walikuja kusema nilipanda. Mwanamke kwetu hapandi mti, na mimi sikupanda. Nilisimama chini, binti mkubwa akavuta shina kwa upembo, mimi nikakata. Mshazari, karibu na ardhi, chini kidogo ya goti. Kila mti nilitoa shina moja lililochoka, nikatoa na matawi makavu na yale yanayoingia ndani na kusuguana. Nilipofika mti wa nne jirani mmoja alisimama njiani na beseni kichwani.

"Eh! Nani anakata huko?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mwenye nyumba hii."

"Mwenye nyumba si alizikwa?"

"Huyo mwingine."

Akaondoka mbio, beseni linayumba. Kabla ya jua kusimama kichwani, Kishanda yote ilikuwa imejua.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mkwe. Alikuwa ameshaota mvi zote, anatembea na fimbo, na hakuwa mtu wa maneno. Alisimama mbele ya shina lililolala chini, akaligusa kwa fimbo.

"Huu mti alipanda mume wangu."

"Najua, mama."

"Alipanda mimi nikimletea maji."

"Najua, mama. Nimeutoa shina moja. Mawili yamebaki. Mti bado upo."

Akazunguka. Alitazama kidonda kwa karibu, akapitisha kidole. Nilingoja aniangukie kwa kilio, majirani wote waje. Badala yake aliinama, akakusanya matawi niliyoyaangusha, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akajitwika, akaenda nayo kwake kuwa kuni. Siku iliyofuata alirudi kuchukua mengine. Kwa mama mkwe wangu hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa, na sikupata nyingine.

Nilimaliza kwa siku tisa. Ya kumi shemeji mkubwa alirudi kutoka Bukoba na hakupita hata kwake. Alikuja moja kwa moja, na shemeji mdogo nyuma, na bwana shamba wa kata, kijana mrefu aliyetoka mikoa mingine, ameshika baiskeli. Serikali wakati ule haikutaka mtu aharibu kahawa, na shemeji alitaka nishtakiwe kwa hilo.

"Tazama!" akamwambia bwana shamba. "Ameua kahawa ya ukoo. Mwanamke! Sijagusa hata yangu!"

Bwana shamba aliegemeza baiskeli kwenye mgomba. Akatazama mti wa kwanza, wa pili, akaingia ndani zaidi. Akatoka na majani makavu kichwani.

"Nani amekata hapa?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha kukata mshazari?"

"Marehemu."

"Na kwa nini sasa, na jua hili?"

"Kwa sababu punje imetoka na ua halijafunguka. Wewe ungekata lini?"

Akakuna shingo. "Hakuharibu," akamwambia shemeji. "Amekata vizuri kuliko wengi. Ila mama, ile ya juu kule barabarani, isiyokuwa na migomba ya kuifunika, hiyo umeikata mapema mno. Jua litaichoma. Siwezi kukuahidi kwamba itachipua."

Na kweli. Hapa nasema ukweli wangu wote, msije mkadhani bibi hakukosea. Nilianza na ile ya juu kwa sababu ilikuwa karibu na njia, nikitaka watu waone kwamba siogopi. Kiburi hicho. Mti ulio chini ya migomba unavumilia kukatwa mapema, una kivuli na unyevu wa majani. Mti ulio wazi ungojewe mpaka mawingu yawe karibu, udongo ungali mkavu lakini jua limepungua meno. Miti mitatu ya barabarani ilikauka mpaka mizizi. Mitatu. Nikaing'oa mwenyewe.

Shemeji mkubwa aliondoka akisema, "Mwaka ujao tutaitazama. Nilisema tutaitazama."

Mvua ya kwanza iliingia siku nane baadaye, mchana, na upepo wa ziwa. Mabinti wangu walikimbilia ndani, mimi nilibaki uani nalowa. Baada ya siku chache kahawa yangu ilifungua maua kwenye matawi niliyoyaacha, meupe, yameshikana kama vipande vya pamba, na nyuki wakalia toka asubuhi. Na chini, kwenye visiki, machipukizi yalitoka, sita, saba kwenye kisiki kimoja. Nikaacha moja lenye shingo nene, mengine nikayavunja kwa kidole gumba.

Siku hizo hizo ndipo shemeji mkubwa alipopata nafasi. Mikutano ilikuwa imepungua kwa sababu ya mvua. Akakata kwake, akaja kwa mdogo wake akagusa, mdogo akakata. Nilikuwa narudi kisimani na ndoo. Nikaona ardhi kwa shemeji mdogo imekuwa nyeupe. Maua yote yale, yamelala kwenye matope, na yeye juu ya mti anaendelea na muhoro, lile panga la ncha iliyopinda, anaangusha mengine. Nilisimama.

"Unatazama nini?" akaniuliza kutoka juu.

"Natazama kahawa yako ya mwaka ujao."

"Ipo wapi?"

"Umesimama juu yake. Na iliyobaki imelala chini."

Akatukana kidogo, si sana, maana alikuwa juu ya mti na mimi nilikuwa chini na ndoo tayari kumwita mama yake. Nilikwenda zangu. Sitasema sikufurahi. Nilifurahi nikaona aibu, kisha nikafurahi tena.

Mwaka uliofuata, mvua kubwa zilipokwisha, matawi yangu yalielemewa. Nilikata fito nikayaegemeza yasivunjike. Masikio yenu yamezoea kusikia watu wakijisifu bure. Mimi sijisifu bure. Watu waliokuwa wakienda misa walipita kwa njia ya kwangu, ambayo si ya mkato, ili waone. Kwa mashemeji zangu matawi yalikuwa mepesi, yanacheza na upepo, na baadhi ya mashina yaliyokatwa wakati wa mvua yalikuwa yameoza yakawa meusi na laini kama muwa uliooza.

Ukoo ukaja kuitazama, kama walivyosema. Walipita mti kwa mti, wanaume sita na mama mkwe na fimbo yake. Mimi nilitembea nyuma, mabinti nyuma yangu. Tukafika mwisho wa kibanja. Shemeji mkubwa akavuta tawi moja, likammwagia punje nyekundu kwenye mkono wa koti. Akaliacha lirudi.

"Marehemu alikufundisha vizuri," akasema.

Mama mkwe akapiga fimbo chini. "Marehemu alikuwa kaburini. Sema aliyekata."

 Shemeji mdogo akatazama migomba. Kisha yule mkubwa akasema, kwa sauti ile anayotumia kwenye mikutano, ili iwe imesemwa na isirudiwe, "Shemeji amekata. Kahawa imesimama. Kibanja hiki atakaa nacho yeye na wanawe, na hakuna mtu wa ukoo huu atakayemgusa."

Nikapiga magoti nikashukuru, kwa sababu ni adabu. Lakini niliposimama nilijua nimesimama juu ya kitu changu. Tangu Uhuru watu walikuwa wakituambia kwamba sasa tu watu huru, redioni na kwenye mikutano, nami nilikuwa nikipiga makofi pamoja na wengine. Siku ile ndipo nilipolielewa neno lenyewe, kwenye nyayo.

Walipokuwa wanaondoka shemeji mkubwa alibaki nyuma. Alikuna tawi kwa kucha.

"Mwaka huu," akasema, "ile yangu ya kule chini, yenye kivuli. Wewe ungesemaje?"

"Ukimaliza kuchuma tu, anza nayo. Ya barabarani iache mwisho."

"Na ikiwa nina mkutano?"

"Mwambie mke wako akate. Mkono anao."

Alicheka kwa pua, akaenda. Sikujua kama angefanya. Lakini punje zilipokwisha mtini kwetu, asubuhi moja nilisikia msumeno unalia upande wa kwake, na mlio ule haukuwa wa mkono wake. Ulikuwa wa mtu anayejifunza, unakwama na kuanza tena. Niliingia ndani. Mabinti wangu watatu walikuwa wanakula viazi. Hapakuwa na mtu wa kungojewa. Nikawaambia:

"Malizeni kula mtoke. Mkubwa ashike msumeno, wa pili avute shina, mdogo abebe matawi apeleke kwa bibi yenu. Mnaanza kwenye kivuli. Kila mti mtoe shina moja, lile la zamani, na mlikate mshazari. Na mtu akisimama njiani kuuliza nani kawatuma, msishushe sauti, msiache kukata: semeni mnakata kahawa yenu."